MSTAAFU AKIFIKA UFARANSA ALALE WAPI?



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai, aliyebakiza miezi minne astaafu, alitujia ofisini siku ya mshahara akiwa na barua mkononi. Binti yake anafanya kazi ya uuguzi huko Ufaransa, karibu na mji wa Lyon. Anawaita baba na mama wakae naye miezi mitatu, na katika siku hizo watembee polepole waione nchi. Nauli ya ndege atalipa yeye. Sisi tukampa mzee hongera. Lakini alikuwa na swali moja, nalo halikuwa la ndege wala la baridi. Alisema: "Nyumba ya mtoto wangu ni chumba kimoja na sebule. Siwezi kumkalia kichwani siku tisini. Wala sitaki kuzungushwa kama gunia la chai, leo bohari hii, kesho bohari ile. Tukitoka kutembea, tulale wapi?"

Waliokuwa mlangoni walicheka kusikia mtu wa chai akiuliza habari za kulala Ufaransa. Sisi hatukucheka. Mtu aliyesimama mbele ya mashine miaka thelathini na mitatu ana haki ya kuuliza atalala wapi siku zake za kupumzika, na ana haki ya kujibiwa sawasawa. Tukauliza wenzetu wa vyama vya wafanyakazi vya huko, na wawili kati yetu waliowahi kupelekwa Ufaransa kwa mafunzo wakatoa waliyoyaona. Tunayaandika hapa kwa sababu tunajua si mzee huyu peke yake mwenye mtoto ng'ambo.

Jambo la kwanza ni hesabu ya siku. Mtu aliyezoea zamu, akipata safari huitengeneza kama zamu: usiku mmoja Paris, usiku mmoja baharini, usiku mmoja milimani, kengele ikilia anahama. Hilo ni kosa. Katika nyumba nyingi za wageni huko, mgeni anayeondoka hutakiwa atoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na anayeingia hafunguliwi mpaka saa tisa au saa kumi alasiri. Katikati hapo uko stesheni, umekalia sanduku, unanunua chai ya bei kubwa ili upate kiti. Basi kila uhamapo umetupa siku. Ukihama mara kumi kwa mwezi umetupa siku kumi, na kila moja umeilipia. Sisi tunashauri mtu aliye na mwezi mmoja achague mahali patatu tu, na kila pahali akae usiku kumi, halafu atoke asubuhi na kurudi jioni kwenye kitanda kile kile. Hapo hata viatu vinapata mahali pake.

Jambo lililofungamana na hilo ni jiko. Hotelini hakuna jiko. Ukikaa hotelini siku kumi utakula mkahawani siku kumi, na huko ndiko fedha inakokwenda, wala si kwenye kitanda. Lakini ukikodi nyumba ndogo yenye jiko kwa juma zima, mama anakwenda sokoni, ananunua viazi, vitunguu, samaki na mkate, mnakula mnavyopenda na saa mnayopenda. Miji mingi ya Ufaransa ina siku yake ya soko katika juma, na kwa mtu wa kwetu soko ndilo linalofundisha nchi upesi kuliko kitabu.

Sasa tueleze vitanda hivi vimetoka wapi, maana havikuanguka kutoka mbinguni.

Hadi mwaka 1936 mfanyakazi wa kiwanda wa Ufaransa hakuwa na likizo yenye malipo kwa sheria. Wachache waliipata kwa tajiri mwema au kwa mapatano ya kazi yao. Walio wengi, siku wasipofanya kazi hawakula. Bahari waliijua kwa picha. Mwezi wa Mei na Juni mwaka huo, baada ya vyama vya mrengo wa kushoto kushinda uchaguzi, wafanyakazi kama milioni 2 waligoma, na wengi wao hawakutoka nje ya kiwanda: walibaki ndani, wakalala kando ya mashine, chakula kikiletwa na wake zao getini. Mapatano ya Matignon yalitiwa sahihi usiku wa tarehe 7 Juni, na sheria ya tarehe 20 Juni ikampa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo. Serikali ikaweka tikiti ya gari moshi ya likizo yenye punguzo la asilimia 40, na watu laki kadhaa wakapanda gari moshi kiangazi hicho hicho. Mhusika wake mkubwa serikalini alikuwa Léo Lagrange. Punguzo baadaye lilishuka hadi asilimia 25, na wastaafu wa huko nao wakapewa haki ya tikiti hiyo mara moja kwa mwaka. Juma la tatu la likizo lilipatikana mwaka 1956, la nne mwaka 1969, la tano mwaka 1982.

Lakini likizo bila mahali pa kulala ni nini? Mfanyakazi wa Paris alikuwa na majuma yake mawili na hakuwa na fedha za hoteli. Wengine walibeba hema kwenye baiskeli. Ndipo vyama vyenyewe vikaingia kazini. Mwaka 1937 chama cha wafanyakazi wa vyuma wa Paris kilinunua kasri la Vouzeron, katika jimbo la Cher, jumba la bwana mkubwa lenye msitu wake, likawa nyumba ya mapumziko ya watu wanaoshika tupa na nyundo. Ndugu, fikirini: fundi wa kuchonga chuma analala katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya baroni, na kitanda ni mali ya chama chake.

Baada ya vita, amri ya tarehe 22 Februari 1945 iliunda kamati za wafanyakazi katika viwanda vikubwa, na kamati hizo zikapewa kusimamia fedha za mambo ya jamii. Nyingi zilijenga au kununua nyumba za likizo baharini na milimani. Wafanyakazi wa umeme na gesi walipata, katika sheria iliyotaifisha kampuni hizo mwaka 1946, asilimia 1 ya mapato kwa mambo yao ya jamii, na kwa fedha hizo wakawa na vituo vyao vya mapumziko nchi nzima. Mwaka 1958 likaanzishwa shirika la VVF, la kujenga vijiji vya likizo vya jamaa zenye kipato kidogo. Upande wa mashamba, mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya mkulima ilitengenezwa na kukodishwa kwa watu wa mjini katika jimbo la Basses-Alpes, na mwaka 1955 nyumba za namna hiyo zikaungana katika umoja unaoitwa Gîtes de France. Shabaha ilikuwa mbili: mkulima apate senti ya kuziba paa la nyumba ya babu yake asihamie mjini, na mfanyakazi wa mjini apate hewa kwa bei anayoiweza.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu msafiri akijua historia anajua pia mlango wa kubisha. Mingi ya milango hiyo ingalipo. Mingine sasa iko wazi kwa kila mtu mwenye fedha, nayo bei imepanda. Mingine ni ya wakazi wa Ufaransa tu. Kwa mfano tangu mwaka 2007 kuna mpango wa likizo kwa watu waliotimiza miaka 60 na kustaafu, unaosimamiwa na wakala wa serikali wa hundi za likizo: siku nane au siku tano, chakula na kulala pamoja, na mwenye kipato kidogo anasaidiwa. Ni mpango mzuri sana, ila mgeni kutoka kwetu hahusiki. Tumelisema mapema ili mtu asije akasafiri na tumaini hilo mfukoni.

Basi mzee wetu ana milango gani?

Hoteli ni kwa usiku mmoja au miwili, siku ya kushuka ndege au ya kungoja gari moshi. Zina nyota 1 hadi 5, na nyota huhesabu vifaa, hazihesabu usingizi. Chakula cha asubuhi mara nyingi hakimo katika bei. Ukikikuta mezani usidhani ni zawadi. Halafu miji mingi inatoza ushuru wa kulala, kwa kila mtu mzima na kwa kila usiku, uwe hotelini au katika nyumba ya kukodi. Si fedha nyingi, lakini kwa watu wawili na usiku kumi inafaa iwe imo katika hesabu.

Chumba cha nyumbani kwa mwenyeji ni kitu kingine. Kibao chake kimeandikwa Chambres d'hôtes. Hapo unalala katika nyumba ya watu, na sheria inasema vyumba visizidi 5 na wageni wasizidi 15, na kwamba shuka, taulo na chakula cha asubuhi vimo katika bei. Baadhi ya wenyeji hupika chakula cha jioni pia, mkala meza moja, chakula ni kile kilichopikwa na hakuna kuchagua. Kwa mtu anayejua Kifaransa, na wengi wetu huku tunakijua kidogo, hapo ndipo mahali pa kuzungumza. Wenzetu wawili walilala siku tatu kwa mjane wa mchimba makaa ya mawe, na wanasema walijifunza kwake mambo ya vumbi la mapafu kuliko katika semina yenyewe. Ubaya wake ni mmoja: huna jiko, na baada ya siku nne tano mtu huanza kuona haya kukaa katika sebule ya mwenzake.

Nyumba nzima ya kijijini, ile ya Gîtes de France na nyingine za jinsi yake, ndiyo tunayoipendelea kwa wazee wenye siku nyingi. Hukodishwa kwa juma, mara nyingi Jumamosi hadi Jumamosi. Ubora wake huonyeshwa kwa masuke ya ngano, kuanzia 1 hadi 5. Mawili au matatu yanatosha kabisa. Lakini soma karatasi yake vizuri kabla ya kulipa: mara nyingi shuka hazimo, kuni au umeme wa kupasha moto nyumba wakati wa baridi hulipwa mbali, na mwisho unatakiwa uifagie au ulipe wa kuifagia. Tena kijiji kizuri kwenye picha kinaweza kuwa hakina basi wala duka. Wafaransa huenda huko kwa motokaa zao. Mstaafu asiye na motokaa akodi nyumba iliyo ndani ya mji mdogo wenye stesheni, hata kama bustani ni ndogo.

Vijiji vya likizo vina nafuu ya kupikiwa na kuwa na watu, ila vingine hufungwa majira ya baridi na hujaa watoto shule zikifungwa. Habari za hema tunaziacha, migongo yetu tunaijua. Zipo katika viwanja hivyo nyumba ndogo za magurudumu zenye kitanda na jiko, na nje ya msimu bei yake ni ya chini.

Tukiwa katika habari ya migongo: tumewaona watu wakichagua mahali kwa picha ya dirisha, na hawakuuliza habari ya ngazi. Ufaransa ina nyumba nyingi za zamani, na za zamani mara nyingi hazina lifti. Huko nyumba ya chini haihesabiwi, kwa hiyo ukiandikiwa "ya tatu" ujue utapanda mara tatu. Hao wenzetu wawili waliahidiwa lifti katika hoteli moja, wakaikuta ina karatasi imebandikwa kwamba imeharibika, wakabeba masanduku hadi ya tano. Mmoja alikuwa na umri wa miaka arubaini na mbili, na siku ya pili hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Basi uliza kwa maandishi: chumba kiko juu ya ngazi ngapi? Lifti ipo? Bafu ni la manyunyu unaloingia kwa mguu mmoja, au ni beseni refu la kuruka ukingo? Kitanda cha watu wawili cha kawaida huko kina upana wa sentimita 140 tu, kwa hiyo wazee wenye usingizi mwepesi waombe cha 160 au vitanda viwili. Duka la dawa, lenye msalaba wa kijani, liko mbali gani? Haya si maswali ya ujeuri. Mwenye nyumba mwema huyajibu siku hiyo hiyo, na asiyejibu amekwisha kujibu.

Majira nayo ni sehemu ya kitanda. Julai na Agosti nchi nzima inahama, bei zinapanda, na mikate yenyewe hupungua Paris kwa sababu waokaji nao wamekwenda likizo. Kuna na hatari ambayo mtu wa Afrika haitegemei, yaani joto. Mwezi wa Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao katika vyumba vya juu chini ya paa. Nyumba hizo zilijengwa kushika joto ndani, hazikujengwa kulitoa. Basi mzee asikubali chumba cha chini ya paa wakati wa kiangazi hata akipewa nusu bei. Mwezi wa Mei, nusu ya kwanza ya Juni na mwezi wa Septemba ndizo siku za mstaafu: hana shule inayomfunga, na anapata nyumba ile ile kwa bei ndogo.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya wasafiri havilisemi. Nani ametandika kitanda hicho?

Mwezi wa Julai 2019 wanawake wasafishaji wa hoteli ya Ibis ya Batignolles, jijini Paris, waligoma. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika. Hawakuajiriwa na hoteli yenyewe, waliajiriwa na kampuni ya kukodisha wasafishaji, na walilalamika kwamba idadi ya vyumba wanavyodaiwa kwa saa haiwezekani, kwa hiyo saa nyingine zinafanywa bila malipo. Sisi wa mashamba tunaijua sana dawa hiyo. Kwetu inaitwa kipande. Walisimama mbele ya mlango wakipiga ngoma na masufuria. Ilichukua miezi 22, ugonjwa wa korona ukiwa katikati, hata mwezi wa Mei 2021 wakapata mapatano: mzigo wa kazi ukapunguzwa na malipo yakapanda. Mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2022.

Kisha tazameni upande wa mashamba. Mwezi wa Septemba 2023, wakati wa kuvuna zabibu katika jimbo la Champagne, wavunaji wengi wao kutoka Afrika Magharibi walikutwa wamelazwa katika nyumba mbovu na chafu kijiji cha Nesle-le-Repons. Mwezi wa Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa biashara ya binadamu. Nchi ile ile, juma lile lile, mgeni mmoja analala katika chumba cha kutazama mizabibu na mwingine, anayeichuma, analala chini juu ya godoro lililotoboka.

Hatusemi mzee wetu asiende. Tunasema anapochagua hoteli ya usiku wake wa kwanza, aulize wenzetu wa vyama vya huko kama pana mgomo mlangoni, asije akapita katikati ya wanaogoma na sanduku lake. Asubuhi asiache chumba kama zizi. Na akikutana na msafishaji kwenye ngazi amwamkie, huenda akaitikiwa kwa lugha anayoifahamu.

Sasa ni upande gani wa nchi? Paris siku tatu zinatosha, na si lazima kulala katikati. Kwa mtu wa kiwanda tulipendekeza mahali patatu, pote panafikika kwa gari moshi.

Lyon ipo karibu na binti, basi haihitaji kitanda kingine. Hapo pana kilima cha Croix-Rousse, walikokaa wafumaji wa hariri. Nyumba zao ni ndefu kwenda juu, dari iko kama mita 4 kutoka sakafuni, kwa sababu mashine ya kufumia ya Jacquard ilikuwa ndefu hivyo na mfumaji alilala pembeni yake. Mwezi wa Novemba 1831 wafumaji hao waliinuka wakidai bei ya chini kabisa kwa kila kipande cha kitambaa, iliyokwisha kukubaliwa na kisha ikakataliwa na wafanyabiashara. Kilimani unapandishwa na treni ya chini ya ardhi, magoti yasihofu. Kutoka Lyon hadi Saint-Étienne ni chini ya saa moja kwa gari moshi, na mgodi wa Couriot pale umekuwa makumbusho.

Kaskazini, mji wa Douai ni kituo kizuri cha kukaa siku kumi. Nyumba za matofali mekundu za wachimbaji zimejipanga mistari, pamoja na vilima vyeusi vya mawe yaliyotolewa chini, na mwaka 2012 sehemu hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Karibu yake, Lewarde, kuna makumbusho ya mgodi katika shimo lililofungwa mwaka 1971. Si mbali, Courrières, tarehe 10 Machi 1906 mlipuko uliua watu 1,099 chini ya ardhi. Makaa ya mwisho ya eneo hilo la kaskazini yalipandishwa Oignies mwezi wa Desemba 1990. Bei za kulala huko ni za chini kwa kuwa watalii hukimbilia baharini, na watu ni wakarimu.

Kusini-magharibi ni Albi na Carmaux. Mwaka 1895 watengeneza chupa wa Carmaux waligoma, tajiri akawafungia kiwanda. Kwa michango ya vyama na ya watu wa nchi nzima wakajenga kiwanda chao wenyewe mjini Albi, kikaanza kazi mwaka 1896. Jean Jaurès, mbunge wa Carmaux, alikuwa pamoja nao, na sanamu yake ipo mjini pale. Miji hiyo miwili imeunganishwa kwa gari moshi la mwendo mfupi, mwanga ni mzuri, na Septemba pana joto la kiasi.

Imebaki karatasi, nayo ndiyo iliyotukata kalamu.

Mgeni anayekwenda kulala kwa ndugu yake Ufaransa anahitaji hati ya ukaribisho, iitwayo attestation d'accueil. Binti ndiye anayeiomba katika ofisi ya meya wa mji wake, analipa stempu ya euro 30, anaonyesha kipato chake na ukubwa wa nyumba. Nyumba ikionekana ni ndogo mno kwa wageni hao, meya anaweza kukataa. Hati yenyewe, si nakala, inatumwa huku na kupelekwa ubalozini pamoja na ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza hiyo hairuhusu kupita siku 90 katika kila siku 180. Halafu kuna fedha za kuonyesha. Si ada, hakuna anayezichukua, lakini lazima zionekane: euro 32.50 kwa siku kwa mtu mwenye hati ya ukaribisho, euro 65 kwa siku kwa mwenye chumba cha hoteli alichokwisha kuagiza, na euro 120 kwa asiye na mahali popote.

Tukakaa na mzee na kalamu. Siku 90, ambazo 60 kwa binti na 30 nje, ni euro 3,900 kwa mtu mmoja, na wao ni wawili. Mzee alinyamaza. Kiinua mgongo chake chote, kwa miaka thelathini na mitatu, hakifiki hapo, na hilo tutaliandika siku nyingine. Tukapiga upya: siku 60 tu, ambazo 40 ni kwa binti na 20 ni za kutembea. Ikawa euro 2,600 kwa mtu, na binti akaandika kwamba hizo ataweza kuzionyesha katika benki yake kwa kuwadhamini, kama ubalozi utakubali.

Usiku ishirini ni mahali pawili, si patatu. Mama ndiye aliyeamua. Alisema Carmaux kwanza, katika nyumba ya mjini yenye jiko, ya chini kabisa, hatua kidogo kutoka stesheni, tangu Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Mgodini Lewarde mzee ataingia peke yake, yeye atamngoja sokoni Douai. Meya ameshatoa hati kwa sharti kwamba sebule iwe na kitanda cha kweli, na binti amenunua. Bima bado. Barua ya mwenye nyumba wa Carmaux ilifika juzi: ngazi mbili tu mlangoni, bafu la manyunyu, shuka wanakodi mbali.